Kupaa, Kupalizwa na Kunyakuliwa

Wafasiri kadhaa wametuuliza kama maneno haya matatu yaweza kubadilishana nafasi. Jibu letu ni kwamba hayawezi, na historia yaonyesha sababu.

Tarehe 1 Novemba 1950 Papa Pius XII alitangaza kuwa fundisho la lazima kwa Wakatoliki kwamba Bikira Maria, maisha yake ya duniani yalipokwisha, alitwaliwa mbinguni mwili na roho. Sikukuu yenyewe, 15 Agosti, ilikuwako karne nyingi kabla ya hapo. Huko Nangwa, katika Jimbo la Mbulu lililofanywa dayosisi mwaka 1953, Wakatoliki huiita Kupalizwa, kama wenzao kwingineko nchini.

Tofauti imo katika kitenzi. Kristo alipaa, kwa uwezo wake mwenyewe. Maria alipalizwa; yaani aliyempandisha ni Mungu. Anayeandika kwamba Maria "alipaa" amempa uwezo ambao Kanisa halikumpa.

Taabu ni kwamba mkulima wa mahindi husikia humo palizi ya shamba, neno lenye maana nyingine kabisa. Mwalimu na alieleze hilo mapema.

Kunyakuliwa, istilahi ya Wapentekoste hasa, huwahusu waumini watakaochukuliwa Kristo arudipo. Lina picha ya mwewe na kifaranga: ni ghafla, na wengine huachwa.

Basi twashauri kila neno libaki mahali pake. Likihamishwa, fundisho nalo limehama.