Kurasa za wavuti: Si kila rangi hurithiwa

Wengi wanaojifunza kubuni kurasa za wavuti hudhani kwamba rangi zote hurithiwa. Katika CSS, lugha ya kupamba kurasa iliyoidhinishwa na shirika la W3C Desemba 1996, sivyo ilivyo.

Chukulia mbunifu wa Songea, mkoani Ruvuma, anayeandaa ukurasa kuhusu Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Kisanduku kikuu amekipa herufi nyeupe na usuli wa kahawia iliyokoza. Aya inayomweleza Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mjini hapo mwaka 1906, imo ndani ya kisanduku hicho, nayo huonekana vivyo hivyo. Weupe wa herufi imeurithi. Ukahawia haikuurithi: usuli wa aya usiopangiwa rangi huwa angavu kama kioo, na kinachoonekana ni rangi ya kisanduku kilicho nyuma yake.

Tofauti hiyo ina madhara. Mbunifu akitaka picha iliyo nyuma ya kisanduku ionekane, akakipa amri ya "opacity" ya 0.5, herufi nazo hufifia. Amri hiyo hairithiwi, bali hukifunika kisanduku kizima. Hata aya ikipangiwa 1, haiokoki. Dawa ni kuupa usuli pekee rangi ya "rgba", yenye kiwango chake cha uangavu.

W3C hupendekeza uwiano wa mng'ao usiopungua 4.5 kwa 1 baina ya maandishi ya kawaida na usuli. Chini ya hapo, mzee mwenye macho hafifu aweza kushindwa kuisoma historia ya mji wake mwenyewe.