Biryogo na Mistari ya Ramani

Mji wa Kigali ulianzishwa mwaka 1907 na Richard Kandt, mwakilishi wa serikali ya Kijerumani. Nyuma yake walikuja askari, makarani na wafanyabiashara, wengi wao Waislamu wenye kusema Kiswahili, na mwaka 1913 ukajengwa Msikiti wa Al-Fatah huko Nyamirambo. Baada ya Wabelgiji kuitwaa nchi mwaka 1916, Waislamu wa mji walibanwa katika mtaa wa Biryogo, pakaitwa Kambi ya Waswahili, na mkaazi wake hakuweza kutoka apendavyo ila kwa kibali. Basi mstari uliochorwa na mtawala ndio ulioamua nani akae wapi, na wenye kukaa hawakuulizwa neno.

Nchi ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962, Kigali ilikuwa mji mdogo wenye watu elfu chache. Hesabu ya mwaka 2022 ilikuta watu 1,745,555. Katika kukua huko, watu wengi walijijengea wenyewe juu ya vilima, nyumba za udongo zikiwa zimesongamana, pasipo barabara wala mifereji ya kutosha. Hapana shaka kwamba utaratibu ulihitajiwa.

Mwaka 2008 jiji likapata rasimu ya mpango mkuu, na mwaka 2013 mpango kamili uliotengenezwa na wataalamu wa Singapore. Kila sehemu ya ardhi ilipewa kazi yake: hapa makazi, pale biashara, kwingine msitu na mabonde yasiyojengwa. Nia ilikuwa njema. Walakini masharti yalikuwa mazito kwa mnyonge, kwani mwenye kiwanja kidogo hakuwa na uwezo wa kujenga kama kanuni zilivyotaka, na bila ya hivyo hakupata kibali. Tena ilikwisha onekana mwaka 2008, walipoondolewa maskini wa Kiyovu na wengi kupelekwa Batsinda, ya kuwa mtu aweza kupewa nyumba iliyo bora akapoteza soko, kazi na majirani.

Ndipo kanuni zikaangaliwa upya, na mwezi wa Septemba 2020 ukatolewa mpango mpya wa hadi mwaka 2050, ambapo jiji lakadiriwa kuwa na watu milioni 3.8. Mpango huu umelegeza yaliyokazwa: duka na makazi vyaweza kukaa pamoja, na mitaa ya zamani yaweza kutengenezwa hatua kwa hatua. Matunda yake yaonekana Mpazi, katika Gitega, si mbali na Biryogo. Huko mwenye kiwanja hutoa ardhi yake, naye hupewa makazi ya ghorofa yanayolingana na thamani ya mali yake, papo hapo alipozoea kuishi.

Katika habari hii mna mazingatio. Biryogo ilizaliwa kwa kuzuiwa, lakini watu wake waliigeuza kizuizi kuwa jamaa: duka mbele ya nyumba, chuo cha Kurani karibu, msikiti hatua chache. Mambo hayo hayaandikwi katika ramani, wala mthamini hayatii katika hesabu yake, isipokuwa wenyewe wayaseme wakati kanuni zinapojadiliwa. Mkutano ukiisha, mstari umekwisha chorwa.

Sheria ya mwaka 2015 yaamuru kwamba anayeondolewa kwa manufaa ya umma alipwe fidia ya haki kabla ya kuondoka. Lakini fidia hufuata hati. Nyumba ya urithi isiyogawanywa, na kiwanja cha wakfu kilichotolewa kwa mdomo tu mbele ya wazee waliokwisha fariki, vitatetewa kwa ushahidi gani? Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Babu wa Kambi hawakuulizwa. Wajukuu wao waulizwapo, yawapasa wafike, wakiwa na hati mkononi.