Phiona Mutesi na Sataranji ya Katwe

Phiona Mutesi alizaliwa katikati ya miaka ya 1990 huko Katwe, mtaa wa bondeni jijini Kampala ambako mvua kubwa huingiza maji hadi vyumbani. Baba yake alifariki kwa UKIMWI Phiona akiwa na miaka mitatu hivi. Mama yake, Nakku Harriet, aliachiwa watoto na biashara ndogondogo ya sokoni isiyotosha chakula, sembuse ada. Kabla hajatimiza miaka kumi, Phiona alikuwa nje ya shule akitembeza mahindi mitaani.

Wakati huo Robert Katende, kijana aliyesomea uhandisi, alikuwa akifundisha watoto wa Katwe kandanda chini ya shirika la Kikristo la Sports Outreach. Aliona kwamba wapo waliokaa pembeni tu wakitazama wenzao, na mwaka 2004 akawaletea ubao wa sataranji. Kila aliyekuja kucheza alipewa uji. Mwaka 2005 Phiona alimnyatia kaka yake Brian hadi kwenye veranda ya kanisa walikokutania, na mwanzoni kilichomfanya arudi kesho yake kilikuwa bakuli hilo zaidi ya mchezo wenyewe. Aliyemfundisha jinsi kila kete inavyokwenda ni Gloria Nansubuga, msichana mdogo kwake kwa umri. Vitabu vya mbinu hawakuwa navyo. Walijifunza kwa kufungwa na kufunga. Labda ndiyo sababu uchezaji wake wa utotoni ulikuwa wa kushambulia bila kungoja.

Mwaka 2009 alikwenda Juba, wakati huo ikiwa bado ndani ya Sudan, pamoja na Ivan Mutesasira na Benjamin Mukumbya kwa mashindano ya watoto ya Afrika. Watatu hao wa Katwe walirudi na kombe.

Mwaka uliofuata Uganda ilipeleka timu ya wanawake kwenye Olimpiadi ya Sataranji kwa mara ya kwanza, katika mji wa Khanty-Mansiysk huko Siberia. Ilikuwa imechelewa sana. Ubingwa wa dunia wa wanawake ulikuwapo tangu 1927, Vera Menchik aliposhinda jijini London, na Olimpiadi yao ilianza 1957 mjini Emmen, Uholanzi. Phiona, akiwa na miaka 14 hivi, alifungwa mchezo wake wa kwanza na Dina Kagramanov wa Kanada. Alipoteza mingine pia kabla ya kumshinda mchezaji wa Ethiopia.

Kwenye Olimpiadi ya Istanbul, mwaka 2012, mambo yalikuwa tofauti. Yeye na mwenzake Ivy Amoko walipata cheo cha WCM (Woman Candidate Master), wakawa wanawake wa kwanza wa Uganda kuwa na cheo cha shirikisho la dunia, FIDE. Katika vyeo vinne vya wanawake, hicho ndicho cha chini. Njia ya kawaida ya kukifikia ni kupata kiwango cha pointi 2000, ila kanuni za Olimpiadi zilimruhusu mchezaji kukipata kwa matokeo mazuri palepale, na bila mlango huo mchezaji wa nchi yenye mashindano machache angesubiri miaka mingi. Kwa hiyo wanaomwita bingwa mkubwa wa Afrika wanatia chumvi. Uzito wa jina lake uko katika kuwa mtangulizi.

Chumvi hiyo ilichangiwa na umaarufu. Tim Crothers, mwandishi wa Marekani, alitoa makala juu yake mwaka 2011, kisha kitabu *The Queen of Katwe* mwaka 2012. Mwaka 2016 kampuni ya Disney ilitoa filamu iliyoongozwa na Mira Nair: Madina Nalwanga, binti wa Kampala, alicheza kama Phiona, Lupita Nyong'o kama mama, David Oyelowo kama Katende. Filamu inampa Katende nafasi anayostahili, lakini safari za timu ya taifa, ambazo Phiona hakuzifanya peke yake, zinafifia.

Phiona alirudi shuleni, akamaliza sekondari, na mwaka 2017 akajiunga na Chuo Kikuu cha Northwest, jimbo la Washington, Marekani. Benjamin Mukumbya, mwenzake wa Juba, alisoma hapohapo.