Jinsia katika Habari za Uchaguzi: Kesi ya Arusha Mjini

Sarufi ya Kiswahili haibagui mume na mke. Mgombea, mbunge na mwenyekiti ni nomino za ngeli ya A-WA, na kiambishi cha nafsi ni kilekile kwa wote. Kwa hiyo, jinsia inapojitokeza katika habari za uchaguzi, aghalabu imeletwa na mwandishi au na msemaji anayemnukuu.

Mwaka 2010 Dk. Batilda Burian wa CCM, aliyekuwa waziri, aligombea ubunge wa Arusha Mjini, akashindwa na Godbless Lema wa CHADEMA. Wapiga kura watatu walifungua kesi, wakidai kuwa mshindi alitoa majukwaani maneno ya kashfa na ubaguzi dhidi ya mpinzani wake, yakiwamo yaliyogusa jinsia na ndoa yake. Aprili 2012 Mahakama Kuu iliyakubali madai, ikatengua ushindi. Desemba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ilimrejeshea Lema ubunge, kwa hoja kwamba waliofungua kesi hawakuwa na haki ya kuifungua. Suala la maneno yenyewe likabaki kwetu wanalugha na kwa wanahabari.

Suala hilo lina pande mbili. Kwanza ni nukuu: gazeti linaloripoti kashfa huieneza, na kitenzi “alidai” hakiifuti. Msomaji huishia kuijua ndoa ya mgombea kuliko sera zake. Pili ni sifa ya ziada. Mwaka 2015 Anna Mghwira, mwenyekiti wa ACT-Wazalendo, alikuwa mwanamke pekee kati ya wagombea urais wanane, akawa wa tatu kwa kura 98,763. “Mwanamke pekee” ni taarifa ya kweli. Lakini ikirudiwa kila siku, huku wenzake wakitajwa kwa nyadhifa zao, hugeuka kuwa cheo chake. Hatujazoea kusoma “mgombea mwanamume”. Hata “mama”, neno la heshima ya kweli kwetu, humpima kiongozi kwa malezi kabla ya kazi.

Mpiga kura wa Olasiti, kama wa kata nyingine za Jiji la Arusha, huwajua wagombea wengi kupitia redio na gazeti tu. Kipimo cha kumtendea haki ni chepesi: mahali pa jina la mwanamke tuweke la mwanamume. Sentensi ikichekesha, basi kasoro imo katika sentensi, wala si kwa mgombea.