Kutoka karata hadi mezani: ulimwengu unahamaje?

Leo naweka kando mambo ya PHP na seva, ingawa hifadhidata itajipenyeza tu. Nataka tuzungumze historia kidogo: namna ulimwengu uliozaliwa ndani ya mchezo wa karata unavyogeuzwa kuwa ulimwengu wa mchezo wa kuigiza wahusika mezani. Mtauliza, hayo yanatuhusu nini sisi wa Kwale? Yanatuhusu sana. Nipeni dakika kumi.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: watu wanne watano wanakaa mezani. Mmoja ni msimulizi, na wengine kila mmoja ana mhusika wake. Msimulizi anaeleza mko wapi na mnaona nini, wachezaji wanasema watafanya nini, na penye shaka dadu zinaamua. Hadithi ikiendelea wiki baada ya wiki inaitwa kampeni. Babu wa michezo hii ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Hakuna skrini wala betri. Umeme wa KPLC ukikatika, mchezo unaendelea kwa mshumaa.

Karata za kukusanya zilikuja baadaye. Mwaka 1993 mwanahisabati Richard Garfield alibuni Magic: The Gathering, ukatolewa na kampuni ya Wizards of the Coast. Kwa kawaida karata ina jina, picha, gharama, uwezo wake, na pengine mstari mmoja wa hadithi chini. Mwanaprogramu akiiona karata hiyo anaitambua mara moja: ni safu moja ya jedwali. Ukikusanya safu elfu moja una jedwali kubwa, lakini bado huna ulimwengu. Ulimwengu ni mahusiano. Nani anamdai nani? Nani haruhusiwi kupita wapi? Ukikata mti huu, nani atakuja kukuuliza?

Sasa hapa ndipo Kiswahili kinapoingia.

Oktoba 1996 Wizards walitoa fungu la karata liitwalo Mirage. Hadithi yake inatokea Jamuraa, bara la kubuni lililochorwa kwa kuitazama Afrika. Ukizipitia karata zake utadhani umeingia baraza usilolijua lakini watu wake unawajua kwa majina. Kuna Zuberi, kiongozi wa wanyama wenye kichwa cha tai na kiwiliwili cha simba. Kuna mnyonya damu aitwaye Shauku. Kuna Mtenda Lion, Teremko Griffin, Afiya Grove. Na kuna Ekundu Griffin.

Tusimame kwenye Ekundu. Kamusi zetu huandika neno hilo kwa kistari mbele, -ekundu, kwa sababu peke yake halijakamilika. Linangoja ngeli: mtu mwekundu, nguo nyekundu, tunda jekundu, kitambaa chekundu. Kistari kile ni kigezo kinachosubiri kujazwa. Kwenye karata kistari kimeondoka na hakuna kilichowekwa mahali pake. Kigezo hakikujazwa, na programu ikakimbia bila kulalamika.

Silaumu. Karata haihitaji sarufi. Inahitaji jina lenye mlio mzuri na namba mbili pembeni, na Mirage ni karata ambazo watu wanazipenda hadi leo. Ninachosema ni kwamba majina yalisafiri na mahusiano yakabaki huku. Mchezaji wa Ohio anayeshika karata ya Shauku hana haja ya kujua kwamba anashika hamu, uchu, kitu kinachomkosesha mtu usingizi.

Shida huanza siku mtu anapotaka kuikalisha dunia hiyo mezani na kuisimulia. Wachezaji wa kuigiza wanauliza maswali ambayo karata haijawahi kuulizwa. Huyu Zuberi anakula nini? Ana jirani? Nikimwibia, ndugu zake wanafanya nini?

Historia ina mifano mizuri ya waliojaribu kujibu. Mchezo wa karata wa Legend of the Five Rings ulitoka mwaka 1995, na ule wa kuigiza ukafuata 1997. Ulimwengu wake, Rokugan, uliwezekana mapema kwa sababu karata zenyewe zilibeba mahusiano: koo zenye uhasama, na heshima iliyopimwa kwa namba. Hata matokeo ya mashindano ya wachezaji yalibadilisha hadithi rasmi. Ukihama kutoka huko kwenda mezani, nusu ya kazi imeshafanywa.

Wizards wenyewe walichelewa. Mwaka 1997 waliinunua TSR, kampuni iliyomiliki Dungeons & Dragons, kwa hiyo michezo yote miwili ikawa chini ya paa moja. Hata hivyo ilipita karibu miaka ishirini. Mwaka 2016 James Wyatt aliandaa Plane Shift: Zendikar, kijitabu cha bure cha kupakua. Kisha vikaja vitabu kamili vya kuchapwa: Ravnica mwaka 2018, Theros 2020, Strixhaven 2021.

Angalieni walichofanya Ravnica. Magic ina rangi tano, na ukizioanisha mbili mbili unapata jozi kumi, ndiyo sababu mji ule una vyama kumi. Kwenye karata, chama ni rangi mbili tu. Kwenye kitabu, ukichagua chama unapewa jedwali la watu unaojuana nao, rafiki na hasimu, na kipimo cha jina lako linavyopanda ndani ya chama. Theros wakaweka kipimo cha uchaji kinachopanda na kushuka kwa matendo yako mbele ya mungu uliyemchagua. Yaani, kilichoigeuza karata kuwa dunia hakikuwa majina zaidi. Kilikuwa kanuni za nani anamjibu nani.

Haya, turudi nyumbani, kwa sababu pwani hii ilishawahi kufanya uhamishaji wa aina hiyo, tena karne kadhaa kabla ya Garfield.

Ukikuta wazee wakicheza karata Gazi au Msambweni, sikiliza maneno. Karata lenyewe linatokana na carta la Kireno. Turufu ni trunfo. Kopa ni copas, vikombe. Uru ni ouros, dhahabu. Shupaza ni espadas, panga. Pao ni paus, fimbo. Michoro tunayoishika leo ni ya mtindo wa Kifaransa, moyo na ua na kadhalika, lakini majina ni ya karata za zamani za Wareno na Wahispania, na Wareno wenyewe bado wanayatumia hivyo hivyo. Vasco da Gama alifika Mombasa mwaka 1498. Ujenzi wa Fort Jesus ulianza 1593, na ngome ikaanguka mikononi mwa Waomani mwaka 1698 baada ya kuzingirwa tangu 1696. Wareno waliondoka, karata zikabaki.

Kitamu zaidi ni karata za picha. Kwa Kiswahili cha zamani malkia ni mzungu wa pili, ghulamu ni mzungu wa tatu, na mfalme ni mzungu wa nne. Kwa nini ghulamu amzidi malkia? Kwa sababu hizo ni pointi! Katika michezo ya Kireno kama bisca na sueca, malkia ana 2, ghulamu 3, mfalme 4, saba ana 10 na ree 11. Jumlisha: 30 kwa kila aina, 120 kwa aina zote nne. Nusu yake ni 60, kwa hiyo mwenye 61 ameshinda. Ndiyo maana kuna mchezo wetu uitwao wahedusitini, kwa Kiarabu sitini na moja.

Mnaona kilichotokea? Babu zetu hawakushughulika na ikulu ya Lisbon. Mfalme hakubaki na taji wala cheo, alibaki na thamani: wa nne. Walichukua kanuni nzima nzima na kuacha mapambo, na mchezo ukaota mizizi. Mirage ilichukua mapambo na kuacha kanuni, na Kiswahili chake kikabaki rangi ya ukutani. Kwangu mimi hilo ndilo somo lote la kuhamisha dunia.

Nimelitumia somo hilo. Tangu mwaka jana nasimulia kampeni hapa Ukunda, vijana wanne na mimi, Jumapili jioni. Hatutumii dadu, tunatumia karata 40, baada ya kutoa nane, tisa na kumi. Dunia yetu ni pwani ya kusini wakati wa mzingiro wa 1696, na aina nne za karata zimerudishiwa maana yake ya asili. Uru ni dhahabu: biashara, majahazi, madeni. Kopa ni kikombe: ugeni, ndoa, undugu. Shupaza ni upanga. Pao ni fimbo ya mzee: baraza na hukumu. Mchezaji anaposema atafanya jambo, anachagua atalifanya kwa njia ipi kati ya hizo nne, na turufu ya jioni hiyo inaonyesha njia ipi ina nguvu. Msafara kwenda kwa diwani wa Vumba siku ambayo turufu ni kopa, na nyinyi mmebeba shupaza tupu, mtajuta.

Lakini kulikuwa na jambo moja gumu kuliko kanuni zote hizi, na ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Neno la kwanza katika jina Dungeons & Dragons lina maana ya mashimo ya kufungia watu. Kitenzi kikuu cha mchezo ule ni kuingia, kuua na kutoka na hazina. Sisi tuna mji unaoitwa Shimoni, na mapango yake yanakumbukwa kwa biashara ya watumwa. Hazina ya kuchukuliwa tunazo pia: vigango, nguzo ambazo Wagiriama husimamisha kuwakumbuka wafu wao, viliibwa kwa miaka mingi na kuuzwa ng'ambo, hadi makumbusho kadhaa ya Marekani yakaanza kuvirudisha. Na misitu yenye siri tunayo. Misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, na mmojawapo ni Kaya Kinondo, karibu hekta 30, mwendo mfupi tu kutoka hoteli za Diani. Mgeni anaingia na mwenyeji wake, amejifunga kitambaa cheusi, na hatoki na kitu, hata jani.

Ningeweza kuichora Kaya Kinondo kama pango la hadithi, vyumba saba na sanduku la dhahabu mwishoni. Wachezaji wangeifurahia. Wawili kati yao ni Wadigo, na babu zao wana la kusema kuhusu msitu ule kuliko mimi na kompyuta yangu.

Kwa hiyo kanuni tuliyokubaliana ni hii. Kwenye kampeni yetu kaya ipo, ina njia, ina wazee, na mhusika anaweza kwenda kuomba ruhusa kwa karata ya pao. Akipewa, tunasema aliingia na tunasema alitoka. Kilichopo katikati hakisimuliwi. Anayeingia bila ruhusa au kutoka na kitu hana turufu, wiki zote, mpaka akirudishe. Wachezaji wametumia miezi miwili wakitafuta namna ya kurejesha kipande kimoja cha mti, na zimekuwa jioni nzuri kuliko zote.

Kwenye faili yangu ya ramani, sehemu ile ni tupu, na nimeandika maelezo kando kwa yeyote atakayeirithi: msijaze.

Wiki ijayo narudi kwenye seva, nawaahidi.