Mtoto wa Jicho na Presha ya Macho: Historia ya Majina Mawili

Miezi kadhaa iliyopita nilimsindikiza mama yangu mkubwa kwenye kliniki moja ya macho. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikwisha kuambiwa kuwa ana "presha ya macho", akapewa dawa ya matone ya kutia machoni kila siku. Daktari alipomwuliza sababu ya kuiacha dawa ile, alijibu kwa adabu na bila wasiwasi: "Nilipimwa presha zahanati, mwanangu, nikaambiwa imeshuka. Nikajua nimepona." Presha aliyopimwa zahanati ilikuwa ya damu. Kwa mwaka mzima ugonjwa uliendelea kumpunguzia uwezo wa kuona pembeni, pasipo maumivu yoyote ya kumwonya, na sehemu iliyopotea haitarudi tena.

Mama mkubwa hakukosa akili. Alilifuata neno kama alivyopewa, nalo likamwongoza pasipo. Makala haya yana kusudi la kueleza jinsi majina ya maradhi mawili makuu ya macho yalivyopatikana, hapa kwetu na katika lugha za wengine, ili sisi tunaoshughulika na istilahi tupime vema uzito wa kazi yetu.

Hapana budi kuanza na Wayunani wa kale. Waganga wao waliamini kuwa lenzi, ile sehemu angavu iliyo nyuma ya mboni, ndiyo chombo chenyewe cha kuonea. Walipokuta ukungu nyuma ya mboni waligawa ugonjwa huo mara mbili. Wa kwanza waliuita hypochyma, yaani kitu kilichomwagika ndani, wakidhani kuwa ni umajimaji ulioganda mbele ya lenzi. Huo ulihesabiwa kuwa unatibika. Wa pili waliuita glaukoma, kutokana na neno la rangi iliyo kati ya kijivu na buluu, wakidhani kuwa ni ugonjwa wa lenzi yenyewe. Huo ulihesabiwa kuwa hauna dawa.

Elimu hiyo ilipokelewa na Waarabu. Katika karne ya 9 Hunain bin Ishaq, mfasiri mashuhuri wa Baghdad, alitunga makala kumi juu ya jicho kwa kufuata mafundisho ya Wayunani, na katika vitabu vya Kiarabu ule ugonjwa wa kwanza ukaitwa "maji yashukayo". Yapata mwaka 1000 Ammar bin Ali wa Mosul, aliyefanya kazi Misri, alieleza namna ya kuufyonza kwa sindano yenye uwazi ndani. Katika karne ya 11 Constantinus Africanus, mtu wa Afrika ya Kaskazini aliyehamia Italia, alifasiri vitabu vya utabibu vya Kiarabu kwa Kilatini, naye ndiye anayetajwa kuwa aliyageuza yale maji yashukayo kuwa cataracta, yaani maporomoko ya maji. Neno hilo ndilo lililoenea katika lugha nyingi za Ulaya. Hivyo basi istilahi hiyo ilifasiriwa kwa uaminifu kutoka lugha hata lugha, na kosa lililokuwamo ndani yake likafasiriwa kwa uaminifu uleule.

Kosa hilo lilidumu kwa sababu tiba yake ilionekana kufaa. Kwa karne nyingi waganga walichoma jicho kwa sindano na kuusukuma ule ukungu chini, mwanga ukapita, mgonjwa akaona kidogo. Mganga aliamini kuwa amesukuma maji yaliyoganda, kumbe ameisukuma lenzi. Ilikuwa mwaka 1705 ambapo Mfaransa Michel Brisseau alipasua jicho la askari aliyekufa akiwa na ugonjwa huo, akakuta kuwa hakuna maji yoyote, ila lenzi iliyogeuka kuwa na ukungu. Hapo mwanzo wataalamu wa Paris hawakukubali. Walipokubali mwaka 1708, maana ya majina yote mawili ilivurugika, maana yale waliyoyadhania kuwa maradhi mawili mengi yake yalikuwa ugonjwa mmoja wa lenzi.

Ugonjwa wa kwanza ulisonga mbele upesi. Mwaka 1747 Jacques Daviel aliitoa lenzi yenye ukungu nje ya jicho badala ya kuisukuma chini. Mwaka 1949, mjini London, Harold Ridley alitia ndani ya jicho lenzi ya plastiki mahali pa ile iliyotolewa, baada ya kuona kuwa vipande vya plastiki vya madirisha ya ndege za vita vilivyoingia machoni mwa marubani havikuyadhuru kama ilivyotazamiwa. Leo upasuaji huo huchukua muda mfupi, na aliyekuwa haoni huweza kuona tena.

Neno glaukoma lilibaki bila mwenyewe, likahamia kwenye ugonjwa mwingine kabisa. Mwaka 1851 Hermann von Helmholtz alitangaza chombo chake cha kutazamia ndani ya jicho lililo hai. Kwa chombo hicho madaktari walikuja kuona kuwa katika ugonjwa huu kinachoharibika ni mshipa wa fahamu upelekao habari za kuona kwenye ubongo. Mwaka 1857 Albrecht von Graefe wa Berlin alieleza upasuaji wa kupunguza shinikizo la ndani ya jicho, na tangu hapo shinikizo na ugonjwa vikasemwa kana kwamba ni kitu kimoja. Sivyo. Kiasi cha kawaida huhesabiwa kuwa milimita 10 hadi 21 za zebaki. Lakini wako wagonjwa wengi ambao mshipa wao huharibika wakiwa ndani ya kiasi hicho, na wako wenye kukizidi ambao mshipa wao hubaki salama. Kupunguza shinikizo ndiyo tiba, na huzuia madhara yasiongezeke. Hata hivyo shinikizo lenyewe silo ugonjwa.

Tuyatazame sasa majina yetu. Waarabu wa leo huuita ugonjwa wa lenzi "maji meupe" na glakoma "maji ya buluu", na Wahindi huita wa kwanza kwa jina la lulu na wa pili "lulu nyeusi". Katika lugha hizo mgonjwa huweza kudhani kuwa ni ndugu wawili wa tiba moja, angoje upasuaji wa kumrudishia macho ambao kwa glakoma haupo. Kiswahili kimeepukana na hatari hiyo, kwani mtoto wa jicho na presha ya macho havifanani hata kidogo.

Mtoto wa jicho ni jina la watu wenyewe, tena halina maji wala maporomoko ndani yake. Lina kasoro mbili. Kwanza, humfanya msikilizaji afikiri kuwa ni kitu kilichoota juu ya jicho, kinachoweza kubanduliwa. Pili, mtoto hungojewa akue. Na kwa kweli zamani madaktari wenyewe walingoja ugonjwa ukomae kabla ya kupasua, jambo ambalo kwa kawaida halihitajiki tena. Kasoro hizo zaweza kurekebishwa kwa maelezo, wala si sababu ya kulitupa jina lililokwisha zoeleka.

Presha ya macho ni habari nyingine. Jina hilo limeazima neno "presha", ambalo kwa wananchi lilikwisha kupata maana yake, yaani shinikizo la damu. Kwa hiyo mgonjwa huelekezwa kwenye ugonjwa mwingine, kipimo kingine na dawa nyingine. Aidha, yule ambaye shinikizo la jicho lake ni la kawaida hudhani kuwa hawezi kuwa na ugonjwa huu.

Kwa sababu hizo napendekeza mambo matatu. Jina "mtoto wa jicho" libakizwe, na katika vijitabu vya afya liambatane na maelezo kwamba ni ukungu wa lenzi iliyo ndani ya jicho. Ugonjwa wa pili uitwe "glakoma" katika maandishi yote ya serikali na ya shule, neno "presha" lisitumike kuutaja, na kinachopimwa kiitwe "shinikizo la jicho". Kisha kila anayefasiri cheti au kijitabu aandike bayana kwamba dawa ya glakoma haiachwi bila ruhusa ya daktari wa macho, hata mgonjwa asiposikia maumivu.

Huenda wengine wakasema kuwa glakoma ni neno geni lisilomweleza mwananchi chochote. Ni kweli. Lakini neno lisiloeleza kitu humfanya mgonjwa aulize maana yake, na mama mkubwa hakuuliza, kwa kuwa neno alilopewa alidhani analijua.