Mpini wa Bunduki na Kitako Chake

Msomaji wa magazeti ya Kiswahili hulikuta neno "kitako cha bunduki" zaidi kwenye habari za watu waliopigwa nacho. Mlinzi kapigwa kitako kisogoni, dereva kasukumwa kwa kitako, mlango umevunjwa kwa kitako. Ndicho kile kipande kipana cha nyuma kinachokaa begani mtu anapolenga. Neno ni zuri, na Mombasa hata Mwanza linaeleweka bila ufafanuzi.

Taabu huanza linapotwishwa mzigo usio wake. Bunduki ya kuwindia imeundwa kwa vitu viwili vikubwa. Kuna chuma, yaani mtutu, komeo, risiva inayobeba komeo hilo, na kifyatulio. Kisha kuna umbo la mbao au plastiki ambalo chuma chote hicho hulazwa ndani yake, kuanzia begani, kupita shingoni mkono wa kulia unaposhika, hadi chini ya mtutu unapokaa mkono wa kushoto. Umbo hilo zima Waingereza huliita stock. Wafasiri wetu wengi huandika "kitako" wakaendelea na safari, na mnunuzi hubaki akidhani anabadilisha kipande cha begani tu.

Jina linalofaa zaidi kwa umbo zima ni mpini. Kiswahili kina jembe na mpini, shoka na mpini, kisu na mpini: chuma kinachofanya kazi na kishikio kinachokibeba, na kishikio kikivunjika hutafutwa kingine kinachoingia sawasawa. Neno halidai mbao, kwani panga za siku hizi zina mipini ya plastiki na hakuna anayeshangaa. Atakayesema mpini utachanganywa na kishikio cha bastola ana hoja, lakini "mpini wa bunduki" hauna utata kwa anayeona kitu chenyewe. Kitako kibaki kuwa sehemu ya mpini, kama shingo, shavu na ncha ya mbele zilivyo sehemu zake.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri Durban, Afrika Kusini. Jiji liko usawa wa bahari, na kiangazi chake cha Desemba hadi Februari ni cha joto la jasho na hewa nzito ya Bahari ya Hindi. Mbao hunywa unyevu huo. Mwindaji anayeweka bunduki yake kabatini Durban, kisha akaipandisha hadi nyanda kavu za Free State au Karoo kumfuata swala, amebeba mpini unaobadilika umbo njiani. Mbao ikivimba au kusinyaa, huukandamiza mtutu upande mmoja, na risasi huangukia pasipo shabaha ya wiki iliyopita. Kwa sababu hiyo wengi wa mwambao huo hutazama mipini ya faibaglasi, ya nyuzi za kaboni, au ya mbao za tabaka zilizogandishwa kwa gundi. Hii ya tabaka si uzushi wa jana: Wajerumani waliitumia kwenye Mauser za jeshi lao tangu miaka ya 1930, kwa kuwa tabaka zilizopishanishwa hazijikunji kwa urahisi kama ubao mmoja. Mbao za mjozi bado ndizo nzuri kuliko zote kwa macho, na anayezipenda hana kosa, mradi azipake mafuta ndani na nje, hata pale chuma kinapolala.

Mauser ndiyo inayofundisha zaidi, kwa sababu historia ya Natal, jimbo lenye Durban, imejaa bunduki hizo. Vita vya Makaburu na Waingereza vilipoanza Oktoba 1899, wapiganaji wa Makaburu walikuwa na Mauser za milimita 7 zilizoagizwa Ujerumani. Wengi walichonga majina yao kwenye mipini, na baadhi ya bunduki hizo leo zinatambuliwa kwa maandishi hayo. Baada ya vita, Mauser nyingi zilibaki Afrika Kusini kama bunduki za shambani na za kuwindia, na mipini yake ikapasuka, ikaliwa na jua, ikahitaji kubadilishwa.

Hapo ndipo fedha hupotea. Mtu huagiza "mpini wa Mauser" na kuletewa wa modeli ya 1898, kwa kuwa ndiyo iliyoenea duniani. Mauser za Makaburu zilitangulia modeli hiyo. Pete ya risiva, pale mtutu unapofungwa, ina kipenyo cha karibu milimita 33 kwa zile za zamani na karibu 36 kwa ile ya 1898. Skrubu mbili zinazokaza chuma kwenye mpini zimeachana kwa karibu milimita 199 kwenye modeli ya 1898 ya kawaida, na umbali huo ni mfupi kwenye zile za Makaburu. Skrubu ya nyuma haitaona tundu lake, na pete itacheza ndani ya shimo pana. Hakuna kitako kizuri kinachoweza kutibu kasoro hiyo.

Si Mauser tu: risiva ya kila chapa ina umbo lake la chini. Mpini uliokatwa kwa Remington 700 hauingii Howa 1500, hata kama bunduki zote mbili zinapiga risasi ya aina moja. Ndani ya chapa moja pia kuna risiva ndefu na fupi, mtutu mwembamba na mnene, magazini ya kuchomoa na ya kudumu, komeo la kulia na la kushoto.

Baada ya kuingia, chuma lazima kilale. Chini ya sehemu ya mbele ya risiva kuna jino la chuma linalopeleka teke la bunduki kwenye mpini. Jino lisipogusa sawasawa, chuma hurudi nyuma na kuipasua mbao shingoni. Mafundi hujaza sehemu hiyo epoksi, na mara nyingi huweka vipande vya alumini kuzunguka skrubu ili mpini usibonyee zinapokazwa. Mtutu wa bunduki nyingi za leo huachwa huru: noti ya randi ipite kati yake na mpini hadi karibu na risiva. Plastiki ya bei rahisi hupinda mbele inapoegemezwa, ikaugusa mtutu, na nafasi ile ikawa haina maana.

Kitako chenyewe kina vipimo vyake. Kutoka kifyatulio hadi mwisho wa kitako, mipini mingi ya kiwandani ina sentimita 34 au 35, urefu unaomtosha mtu wa wastani na kumsumbua mwenye mikono mifupi. Mipini ya zamani ilichongwa kwa kulengea kwa vilengeo vya chuma vya bunduki yenyewe. Ukifunga darubini juu yake, shavu huinuka hewani, na teke humfikia mpigaji vibaya. Mpini mwepesi nao huongeza teke, jambo ambalo matangazo ya nyuzi za kaboni hayapendi kulitaja.

Sheria ya silaha ya Afrika Kusini, iliyoanza kutumika Julai 1, 2004, huhesabu mtutu na fremu au risiva kuwa silaha. Mpini haumo. Fundi atakayeishika bunduki yenyewe, hata hivyo, lazima awe na leseni ya ufundi wa silaha.

Mwenye kuagiza kwa Kiswahili, basi, asiandike "kitako cha Mauser". Aandike mpini, ataje modeli na mwaka, urefu wa risiva, unene wa mtutu, aina ya magazini na upande wa komeo, kisha urefu wa kitako anaoutaka. Na kabla hajalipa, apime umbali wa skrubu kwa rula yake mwenyewe.